Sotoka ilifutwa duniani, na wafugaji walikuwa na mkono katika hilo: tujadili kwa nini matatizo mengine makubwa hayaishi

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Humu haipiti wiki bila uzi wa dunia inakokwenda: ukame, mafuriko, maradhi mapya, njaa, vita. Nasoma yote. Michango mingi inaishia palepale, kwamba haya mambo ni makubwa, wenye uwezo wa kuyatatua ni mataifa makubwa, sisi wengine tungoje tuone. Nimefanya kazi ya mifugo zaidi ya miaka thelathini na sasa nimestaafu. Kuna jambo nimelibeba kifuani muda mrefu na naona vijana wengi hamjasimuliwa. Liko tatizo la dunia nzima, lililoua watu na mifugo Ulaya, Asia na Afrika kwa karne nyingi, ambalo leo halipo kabisa. Hakuna mnyama hata mmoja duniani anayeugua. Na mahali pa mwisho lilipoonekana ni hapa kwetu Afrika Mashariki. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nazungumzia sotoka. Ni ugonjwa wa virusi, ndugu wa karibu wa surua ya binadamu. Ng'ombe anaanza na homa kali, machozi na makamasi yanamtoka, mdomo unajaa vidonda mpaka anashindwa kula, halafu tumbo linafunguka na boma zima linanuka. Wiki moja au mbili, ameanguka. Kundi ambalo halijawahi kuupata linaweza kupoteza ng'ombe tisa kati ya kumi. Wamaasai waliuita olodua.

Barani kwetu uliingia 1887 kupitia bandari ya Massawa, Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka India kwa ajili ya jeshi la Italia. Baada ya hapo hakuna kilichouzuia. Ethiopia ilipata njaa kuanzia 1888 hadi 1892, njaa ambayo inakadiriwa iliondoka na theluthi moja ya watu. Kufikia 1891 ulikuwa umeshaingia Umaasaini. 1896 ukavuka mto Zambezi, 1897 ukafika Rasi ya Tumaini Jema. Miaka kumi tu, kwa kwato za ng'ombe na nyati, kutoka Bahari ya Shamu hadi ncha ya kusini.

Wamaasai wana jina la kipindi kile: Emutai, yaani kuangamia. Ilitangulia homa ya mapafu ya ng'ombe, ikaja sotoka, ikaja ndui, na juu ya yote ukame. Msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro mwaka 1892 akawakuta wanawake waliobaki mifupa na watoto wasio na nguvu ya kusimama. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wameshakufa. Wajerumani walipokuwa wanajikita bara, walikuta watu wameshavunjwa na ugonjwa wa ng'ombe. Tunapofundisha watoto historia ya ukoloni tunataja bunduki na mikataba ya kilaghai, na ni kweli, lakini sotoka hatuitaji. Mfugaji asiye na ng'ombe hana maziwa, hana mahari, hana cha kubadilishana na mkulima apate nafaka, na hana nguvu ya kumwambia mgeni hapana.

Kuna na lingine. Ng'ombe walipokwisha, na nyumbu na nyati wakafa pamoja nao, nyasi hazikuliwa tena. Vichaka vikaota juu ya malisho, mbung'o wakaingia vichakani, nao wakaja na nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Baadhi ya maeneo ambayo baadaye yaliitwa pori tangu zamani yalikuwa malisho ya watu.

Sasa twende kwenye dawa, maana hapa ndipo wengi wanaposimama wakidhani hadithi imekwisha.

Chanjo nzuri ya sotoka ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi. Daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, na wenzake walichukua kirusi kilichotoka kwa ng'ombe wa Kabete wakakipitisha kwenye seli za figo za ndama, zamu baada ya zamu, mara tisini hivi, mpaka kikapoteza ukali wake lakini kikabaki na uwezo wa kumkinga mnyama. Walitangaza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sindano moja, kinga ya maisha, bei ndogo. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Haya mambo yalifanyika umbali wa daladala moja kutoka Nairobi, na vijana wetu wengi hawajui.

Kati ya 1962 na 1976 nchi 22 za Afrika zilichanja kwa pamoja, nchi kwa nchi. Ugonjwa ukashuka sana, ukabaki kwenye mifuko michache isiyofikika kirahisi. Na hapo, wakuu, ndipo tulipokosea. Fedha zikapungua, wakubwa wakaona kazi imeisha, kampeni ikafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikaibuka upya kwenye ile mifuko na kuvuka bara. Nigeria ilipoteza ng'ombe kwa malaki. Kwetu Tanzania, 1982 nyati wa kaskazini walianza kufa tena. Chanjo ilikuwepo kwa miaka ishirini hivi, ileile, nzuri vilevile.

Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo la dunia ni ukosefu wa teknolojia, mimi huwa namkumbuka yule nyati wa 1982.

Nitaendelea kesho asubuhi, macho yamechoka.

Mleta uzi (inaendelea)

Asubuhi njema. Naendelea pale pale.

Januari 1997 sotoka ilithibitishwa tena kaskazini mwa Tanzania. Miaka miwili mitatu kabla ilikuwa imepiga Tsavo, upande wa Kenya, ikaua nyati na tandala wengi sana. Serikali ikaagiza chanjo ya dharura mpakani. Mimi nilikuwa msaidizi wa mifugo, kijana, nimepangiwa timu katika wilaya moja ya huko.

Ninayotaka kusimulia hayamo kwenye ripoti yoyote. Tulikuwa tumetoa taarifa kwa wazee kwamba siku fulani tuko kwenye josho fulani. Watu wakaleta ng'ombe, wengine wametembea usiku kucha, maana ilikuwa kiangazi na pale joshoni hapakuwa na maji ya kutosha mifugo ile yote. Sisi hatukutokea. Jokofu la kutunzia chanjo lilikuwa limezimika usiku, mafuta ya jenereta yalikuwa yameisha na hakuna aliyekagua. Chanjo tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kutunzwa kwenye baridi. Ikipata joto ni maji tu. Tukaimwaga na kusubiri nyingine kutoka mjini. Tulifika siku ya tatu.

Mzee mmoja alikuwa bado yupo na nusu ya kundi lake. Hakutukaripia. Alituuliza tu, "Sasa mmeleta dawa, au mmeleta habari ya dawa?" Kisha akasema ndama wake wawili wamekufa kwa kiu wakiwa wanangoja kuokolewa na sotoka. Tukachanja waliobaki, tukakata alama sikioni, tukaondoka. Tuliporudi eneo lile mwezi uliofuata, waliojitokeza hawakufika robo. Kwenye mkutano wa tathmini mtu akasimama akasema wafugaji wa kule ni wagumu kuelewa. Nilikaa kimya. Mpaka leo kile kimya changu kinanisumbua.

Miaka hiyohiyo wenzetu walikuwa wameshapata jibu, ila sisi hatukulijua. Mtafiti Mmarekani, Jeffrey Mariner, alikuwa ameichukua ileile chanjo ya Plowright na kubadilisha namna ya kuikausha, ikaweza kukaa hadi mwezi mmoja nje ya jokofu. Kirusi kilekile, kinga ileile. Ila sasa inapanda punda. Inaingia kwenye mfuko wa shuka. Inalala porini pamoja na mwenye mifugo.

Na kwa kuwa ilipanda punda, haikuhitaji tena msafara wa magari na watu wenye vyeti kutoka mjini. Afar huko Ethiopia, Karamoja huko Uganda, na Sudan Kusini katikati ya vita, wafugaji wenyewe walichagua watu wao, wakafundishwa kuchanja, wakapewa dawa. Sudan Kusini mwaka 1993 ng'ombe zaidi ya milioni moja walichanjwa kwa njia hiyo, wakati risasi zinalia. Miaka iliyotangulia timu za kawaida hazikufika hata karibu na idadi hiyo. Yule mhudumu wa jamii alikuwa anajua kundi la fulani limehamia bonde gani mwezi huu. Sisi tulikuwa na ramani ya mkoloni yenye majina ya visima vilivyokauka.

Hata kuutafuta ugonjwa kulibadilika. Zamani mtaalamu alikwenda na fomu. Baadaye wataalamu walijifunza kukaa chini ya mti na kumuuliza mfugaji: mara ya mwisho uliona ng'ombe analia machozi na kuhara na mdomo una vidonda ilikuwa lini, kundi la nani, walitoka wapi? Wafugaji walikuwa na majina tofauti kwa sotoka kali na sotoka nyepesi. Ile nyepesi ndiyo iliyokuwa imejificha kwenye eneo la Wasomali linalogusa Kenya, Ethiopia na Somalia. Ng'ombe walikuwa hawafi, wanaumwa kidogo na kupona, kwa hiyo ofisini haikuonekana.

Mlipuko wa mwisho uliothibitishwa ulikuwa 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Miaka kumi ikapita ya kuchukua damu, kuuliza, kufuatilia kila uvumi. Tarehe 25 Mei 2011 Shirika la Afya ya Wanyama likatangaza Paris kwamba nchi zote zimethibitika hazina sotoka, na Juni mwaka huohuo FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ikatangaza rasmi Roma. Katika historia yote ya binadamu magonjwa mawili tu yamefutwa hivyo: ndui na sotoka. Na ndui yenyewe, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Yote mawili yalikata roho pembe hii ya dunia.

Siku ile ya 2011 sikuona sherehe yoyote. Redioni ilipita kama habari ya sekunde chache. Nilikwenda kukaa zizini kwangu.

Haya, karibuni. Hoja yangu ni hii: ugonjwa ulishindwa pale dawa ilipoweza kumfikia mtu wa mwisho, na yule mtu wa mwisho alipoaminiwa. Nataka tuyapime matatizo mengine kwa kipimo hicho. Mnaonaje?

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, heshima yako. Nimesoma yote na nimejifunza. Lakini naona unalinganisha vitu visivyolingana. Sotoka haikuwa na mtetezi. Hakuna kampuni iliyokuwa inapata faida ng'ombe wakifa. Mabadiliko ya tabianchi yana watu wanaotajirika nayo kila siku, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe. Huwezi kuwachanja. Wewe peleka dawa kwa mtu wa mwisho utakavyo, yule wa kwanza ndiye anayechafua.

Mchangiaji, Isiolo

Asante kwa uzi huu. Mimi ni wa jamii ya wafugaji huku Isiolo, na hiyo hadithi ya Meru ni yetu. Ningependa kuongeza kitu. Kazi ngumu zaidi ilikuja baada ya ugonjwa kupotea. Ili kuhakikisha umeisha ilibidi chanjo isimamishwe, kwa sababu ng'ombe aliyechanjwa ukimpima damu huwezi kusema kama kinga yake ni ya sindano au ni ya ugonjwa. Hebu fikiria kumwambia mzee ambaye babake alifilisika kwa sotoka kwamba sasa tunaacha kuchanja ndio tujue kama ni salama. Wazee walikataa mwanzoni. Walikubali kwa sababu waliokuja kuwaambia walikuwa watoto wao waliokuwa wanachanja tangu zamani. Mtu wa Nairobi angekuja na karatasi, angerudi nayo.

Halafu kwa yule ndugu wa Dar: uko sawa, lakini huku kwetu ukame wa 2020 hadi 2023 tulikosa mvua misimu mitano mfululizo. Tukingoja yule wa kwanza atubu, hatutabaki na ng'ombe wa kuchanja.

Mleta uzi

Ndugu wa Isiolo, umegusa jambo nililoliruka na lina uzito kuliko mengi niliyoandika. Kuacha kuchanja kulihitaji imani kubwa kuliko kuchanja. Asante sana.

Ndugu wa Dar, hoja yako ni nzito na sitaipita pembeni. Ni kweli sotoka haikuwa na mwenye hisa. Lakini chukua tundu la tabaka la ozoni, lile la angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Zile gesi zilizokuwa kwenye majokofu na makopo ya kupuliza zilikuwa biashara kubwa ya makampuni makubwa. Wanasayansi Molina na Rowland walionya 1974 na wenye biashara wakapinga kwa miaka. 1985 watafiti Waingereza wakaonyesha tabaka limepungua vibaya juu ya Antaktika. 1987 Mkataba wa Montreal ukasainiwa, na leo kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa imo. Gesi zile zimeondolewa karibu zote, na tabaka linaendelea kujirudishia. Kilichofanya nchi maskini zikubali ni kwamba uliundwa mfuko wa kuzilipia gharama ya kubadilisha viwanda na mafundi wake. Hakuna aliyeambiwa achague kati ya jokofu na anga. Mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali, Rwanda, zikaongeza kwenye mkataba huo gesi nyingine zinazopasha dunia joto. Nalo ni hapa kwetu.

Kwa hiyo wenye faida wanaweza kubanwa. Kwenye tabianchi hawajabanwa bado, na hilo linaniuma kama linavyokuuma. Afrika nzima inatoa sehemu ndogo sana ya hewa ukaa ya dunia, na bado mfugaji wa Longido na wa Isiolo ndio wanaozika ng'ombe. Fedha za kuzisaidia nchi zetu kukabiliana na hali hiyo zinaahidiwa kila mkutano, zinachelewa, zinakuja kama mkopo. Nikisikia hizo ahadi namsikia yule mzee wa joshoni: dawa, au habari ya dawa?

Ila tukisubiri tu, tunarudia kosa letu wenyewe. Naomba nitoe mfano mmoja ulio mikononi mwetu kabisa, na sijasikia ukizungumzwa humu hata mara moja.

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Utafiti mkubwa uliotolewa 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliogoma kusikia dawa, na mzigo ulikuwa mzito zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Sasa nendeni mnada wowote wa mifugo. Mtachukua chupa ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, mezani kama mnavyochukua chumvi, hakuna atakayewauliza mnyama anaumwa nini. Mfugaji anachoma nusu dozi kwa sababu fedha yake inatosha nusu. Ng'ombe akipata nafuu kidogo anaacha. Maziwa ya jioni yanauzwa yakiwa bado na dawa. Nimeona hivyo miaka thelathini, na sehemu ya kosa ni yetu sisi wataalamu, maana mfugaji anajichomea kwa kuwa mtaalamu yuko kilometa sitini na hana mafuta ya pikipiki. Ukimtungia sheria ya kumkataza bila kumpelekea mtu, umeleta habari ya dawa.

Mchangiaji, Mwanza

Samahani mkuu, swali la kitoto. Ulisema nyumbu nao walikuwa wanakufa. Ni kweli kwamba wale nyumbu wa Serengeti wanaokuja kutazamwa na dunia nzima wana uhusiano na chanjo ya ng'ombe?

Mleta uzi

Hilo si swali la kitoto hata kidogo, mwanangu, ni swali zuri kuliko yote ya leo, acha nilifurahie.

Watu walidhani nyumbu na nyati ndio ghala la sotoka, kwamba wanyama pori wanawaambukiza ng'ombe. Ng'ombe waliozunguka Serengeti walipochanjwa kwa wingi, miaka ya mwanzo ya 1960 ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu bila nyumbu hata mmoja kuchomwa sindano. Kumbe walikuwa wanaupata kutoka kwa ng'ombe. Ndama wa nyumbu waliokuwa wanakufa kila mwaka wakaanza kuishi. Nyumbu walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ile. Kufikia 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3.

Milioni ile ya midomo ikala nyasi. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ukapungua. Moto ulipopungua, miti michanga ikapata nafasi ya kukua, na Serengeti ikaanza kuhifadhi kaboni zaidi ya inayotoa. Mtu aliyekuwa anachanja ng'ombe wa jirani miaka ile hakuwa na habari kwamba anapanda miti.

Ndiyo maana sipendi matatizo ya dunia yanapopangwa kwenye makabati: hili la afya, hili la mazingira, hili la chakula, kila kabati na wizara yake na semina yake. Ng'ombe wa jirani alikuwa kwenye makabati yote.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, nimerudi. Mfano wa ozoni nimeukubali kiasi. Bado nina wasiwasi na hii imani yako kwa mtu wa mwisho. Polio ilianza kupigwa vita 1988 na inafuata njia hiyohiyo ya nyumba kwa nyumba, mbona haiishi?

Mleta uzi

Kwa sababu asilimia ya mwisho ndiyo yenye gharama kuliko tisini na tisa zilizotangulia, na huko ndiko kuliko na vita na kutoaminiana. Afrika ilithibitishwa haina polio ya asili Agosti 2020. Mapema 2022 kirusi kutoka Pakistani kikapatikana Malawi, halafu Msumbiji. Chanjo ikabidi irudi nyumba kwa nyumba, hadi huku kwetu. Pakistani na Afghanistan ndizo zilizobaki na kirusi cha asili, na huko wachanjaji wanauawa. Wengi wao ni wanawake wanaotembea kwa miguu kwa posho ndogo. Wale dada wanapokufa hawatajwi kwa majina kwenye hotuba, na mimi naona wao ndio wanaobeba dunia.

Hatari ninayoiona ni ileile ya 1976. Watu wa fedha wanachoka pale tatizo linapokuwa dogo, wakati udogo wake ndio unaofanya liwezekane kuisha. Kila nikisikia "mradi umefikia ukomo" nashtuka.

Mchangiaji, Dodoma

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma kimya toka jana. Mimi ni mfugaji wa mbuzi, si msomi. Nina swali la haraka na naomba usiniache. Mbuzi wangu tangu juzi wanatoka makamasi, macho yamejaa tongotongo, midomo ina vidonda, wanaharisha, wawili wametupa mimba. Wanne wameshakufa. Jirani ananiambia niwahi kuwapeleka mnadani Jumamosi kabla hawajaisha. Hii inaweza kuwa hiyo sotoka?

Mleta uzi

Marahaba, ndugu yangu. Pole sana kwa hasara.

Sotoka ya ng'ombe haipo tena. Lakini ina ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, na hayo unayoyasema yanafanana nayo sana. Ilionekana kwanza Kodivaa mwaka 1942, Kenya ikafika 2006, kwetu ikathibitishwa 2008 kaskazini, na tangu hapo imesambaa. Mwaka 2024 imeingia hata Ugiriki na Romania. Dunia ilikubaliana Abidjan mwaka 2015 kuifuta kufikia 2030. Ina chanjo nzuri, ya bei ndogo, sindano moja inamkinga mbuzi miaka mitatu au zaidi. Yaani tumesimama palepale tulipokuwa na sotoka ya ng'ombe miaka ya 1960, na sasa tunajua kilichotuangusha. Sikutaka kuuleta humu mpaka mwisho, umeuleta wewe.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi siwezi kupima kwa maandishi, homa ya mapafu ya mbuzi nayo inatoa makamasi na vifo, kwa hiyo lazima sampuli ichukuliwe. Usipeleke hata mmoja mnadani. Mnada mmoja wa Jumamosi unatosha kuueneza wilaya tatu. Usimuuzie mtu nyama ya waliokufa. Ugonjwa huu hauambukizi binadamu, lakini mzoga ukizunguka unaeneza, kwa hiyo uzike kwa kina. Watenge wanaoumwa mbali na wazima, na anayehudumia wagonjwa asiingie kwa wazima na viatu vilevile. Maji safi karibu yao, majani laini, maana midomo inawauma. Mtaalamu akifika anaweza kuwapa dawa ya bakteria wanaoingia baada ya kirusi kuwadhoofisha. Usijichomee mwenyewe kwa kukisia, umesoma niliyoandika hapo juu. Chanjo haimsaidii aliyekwisha kuugua, inasaidia waliobaki na wa majirani, na ndiyo maana jirani yako lazima ajue leo, asijifiche kwa aibu.

Mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi. Akikuambia hana usafiri, nenda kwa mtendaji wa kijiji, taarifa iandikwe na tarehe. Asipofanya mtu kitu hadi kesho saa nne, rudi humu uniambie, nitatafuta nani wa karibu.

Mchangiaji, Dodoma

Asante mzee. Nimempigia, amepokea. Anasema atakuja kesho asubuhi na kisanduku cha kuchukulia damu, nisiguse mzoga wa leo mpaka auone. Nimeshawatenga kumi na mmoja upande wa mkwaju. Jirani nimemwambia. Alikasirika kwanza, halafu amekwenda kuwahesabu wa kwake.

Mleta uzi

Vizuri. Wape maji jioni hii. Nasubiri kesho.